Kodi Iliyochelewa na Pumba za Papa Mwepu

Nyinyi vijana mnaotaka kuingia katika kazi hii, kwanza nawashuku. Msikasirike. Nimeshuku watu miaka yote niliyofanya kazi, na nilipostaafu mazoea hayakustaafu pamoja nami. Leo asubuhi mjukuu wangu kaniletea chai bila kuombwa, na kabla sijainywa nikamwuliza amevunja nini. Alikuwa amevunja sahani.

Kazi yenyewe inaitwa syndic. Ni mtu anayewekwa na mahakama ya biashara kusimama kati ya mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa madeni yake na wale wanaomdai. Zamani, kabla ya sheria mpya, tulimwita curateur, na tulitembea na nta nyekundu, kamba na muhuri wa shaba. Siku hizi mnapiga picha kwa simu na kazi imekwisha. Sawa. Lakini picha inaonyesha tu kile ambacho mdaiwa amekuachia upige.

Mimi nilifundishwa na Muzee Lumbwe, curateur wa zamani, mtu mfupi aliyevaa koti hata kwenye joto la mwezi wa kumi. Siku ya kwanza aliniambia: usikae kamwe kwenye kiti unachoonyeshwa na mdaiwa. Nikadhani anaogopa dawa. Kumbe alikuwa na maana yake. Mtu mwenye kitu cha kuficha hukupa kiti kinachokipa kisogo kile kitu, na hajui mwenyewe kwamba anafanya hivyo. Basi ukiingia, asante papa, halafu nenda kakae kwenye kiti kingine, uangalie uso wake. Nimepata jenereta mbili na jokofu la nyama kwa njia hiyo.

Alinifundisha pia kuangalia vumbi juu ya rafu, maana kitu kikiondolewa kinaacha alama yake safi. Kuangalia misumari iliyobaki ukutani. Kuangalia rangi kwenye ukuta wa nje. Hapa Lubumbashi kila mtaa una nyumba iliyoandikwa HII PARCELLE HAIUZISHWE, yaani kiwanja hiki hakiuzwi, na kwa kawaida ni ugomvi wa ndugu wa urithi, hakuna la ajabu. Lakini rangi ikiwa bado inanuka, na mwenye nyumba yuko mahakamani kusema amefilisika, hapo mimi huomba kumwona huyo ndugu mwenye ugomvi. Mara nyingi hayupo.

Nisiwadanganye kwamba nilikuwa hodari tangu mwanzo. Depo ya kwanza niliyoifunga mwenyewe, hapa hapa mjini, kwenye mtaa unaoitwa Kenya, niliifunga vizuri sana, kamba mbili, nta nyingi, muhuri katikati. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya barabara niliposikia mtu anapiga mlango kwa ndani. Ni zamu, mlinzi wa usiku, alikuwa amelala nyuma ya magunia ya chumvi baada ya kazi yake. Kuuvunja muhuri wa mahakama bila amri ya jaji ni kosa. Kumwacha mtu ndani ni kosa kubwa zaidi. Nilikimbia kwa jaji, jasho linanitoka, na zamu akabaki anaimba nyimbo za kanisa mle ndani mpaka niliporudi na karatasi. Muzee Lumbwe alicheka siku tatu. Tangu hapo, kabla ya kufunga, mimi huita: "Kuko muntu?" Nyinyi pia muite.

Sasa tufike kwenye kodi, kwa sababu najua ndiyo inayowaleta watu wengi.

Alikuja mtu mmoja ofisini kwangu, muuza matairi, viatu vyake vimechanika mbele mpaka kidole kinaonekana. Lakini suruali ilikuwa imepigwa pasi, mstari ulionyooka. Mtu mwenye pasi ya namna hiyo hana viatu vya namna hiyo. Nilimsikiliza.

"Papa syndic, minakuya juu ya ile faillite," akasema. "Banasema inafutaka kodi yote."

"Nani njo alikuambia?"

"Banasema ku soko."

Nilimsindikiza mpaka nje kwa heshima, na nilipochungulia kona nikaona gari lake linamngoja, na dereva anampa viatu vyake vya kweli kupitia dirishani.

Basi sikilizeni jambo ambalo soko halijui. Kufilisika mahakamani, hiyo faillite, si sabuni. Ukifika kwenye liquidation, yaani mali yako inauzwa yote na kugawanywa, na bado haikutosha, wanaokudai wanarudishiwa haki ya kukufuata. Ofisi ya kodi haisahau, na katika mstari wa kulipwa haisimami nyuma. Kinachoweza kukusaidia ni kitu kingine, kinaitwa concordat. Ni mapatano mbele ya jaji: wadai wako wanakubali kungoja, au kupunguza, na wewe unabaki na duka lako ufanye kazi uwalipe. Hata ofisi ya kodi inaweza kukubali. Inaweza kuacha adhabu za kuchelewa na kubaki na kodi yenyewe. Lakini inataka kuona mtu mkweli. Na anayesema kama huyo mtu ni mkweli au mwongo, mbele ya jaji, ni syndic. Yaani mimi.

Na huyo mwongo akijulikana, adhabu yake ina jina kubwa: faillite personnelle. Anakatazwa kufanya biashara. Si duka lile tu, biashara yoyote. Nimeona mwanaume wa miaka hamsini anatoka mahakamani akiwa hana ruhusa hata ya kuwa na meza ya vocha.

Ndipo nikakutana na Papa Mwepu.

Alikuwa na mashini ya kusaga mahindi mtaani Katuba, mashini moja kubwa na mkobozi wake, chini ya paa la bati lililokuwa jeupe kwa unga kama nywele za mzee. Baba yake alitoka kaskazini kuja kufanya kazi kwenye reli, na fedha za mwisho za kazi ya baba ndizo zilizonunua mota ya kwanza. Hakuna asiyeijua mashini ile. Wamama wanafika na mabeseni kichwani, mahindi yanakobolewa kwanza, halafu yanasagwa, wanarudi nyumbani na unga wa bukari, yaani ugali. Pumba za kukobolea zinabaki kwa mwenye mashini, ndivyo ilivyokuwa kawaida ya pale, naye anawauzia wafuga nguruwe.

Kodi yake ya mapato ilianza kuchelewa mwaka ambao mahindi ya Zambia yalikwama mpakani Kasumbalesa. Malori yalisimama, bei ikapanda, watu wakaleta mabeseni nusu. Umeme nao ukawa unakuja ukitaka. Mwaka ule Mwepu hakulipa. Mwaka uliofuata akaona aibu ya kupeleka tangazo la mapato bila kuweka malipo ndani, kwa hiyo hakulipeleka kabisa. Hilo ndilo kosa, vijana, lishikeni. Usipotangaza, ofisi inakukadiria yenyewe, na inakukadiria kama mashini inayozunguka kila siku. Juu ya hapo adhabu, na juu ya adhabu adhabu nyingine. Siku alipoletewa karatasi ya kwamba mashini itakamatwa, ndipo akaja mahakamani kusema: nimeshindwa, naomba mapatano.

Alikuja na viatu vizima. Hilo pia nililishuku.

"Niko na deni ya État," aliniambia, yaani Serikali. "Sikatale. Minaomba tu wakati. Mashini ikifungwa, mi nitalipa na nini?"

Alikuwa mtu mrefu, mpole, na nyusi zake zilikuwa na unga usiotoka hata akinawa. Alinionyesha kiti. Nikakaa kwenye kingine. Kutoka pale niliona ukuta, na ukutani msalaba, na chini ya msalaba magunia ya pumba yamepangwa mpaka karibu na paa.

Nikajiambia: hizi pumba ni nyingi.

Kitabu cha mashini kilikuwa kisafi. Kila beseni limeandikwa, na kila beseni lina risiti yake. Syndic mpya angeridhika. Mimi kitabu kisafi kinanikosesha usingizi. Nikatafuta mnunuzi wa pumba. Alikuwa Mama Kapinga, mfuga nguruwe, mwanamke wa asili ya Kasai, ambaye hajawahi kukosea hesabu hata moja maishani mwake na anajua hilo. Alikuwa na kadaftari kake mwenyewe, wiki kwa wiki, magunia mangapi kachukua kwa Mwepu.

"Unaniangalia sawa mwizi, papa," akasema.

"Minaangalia kila muntu vile, mama."

"Basi muke yako alivumilia."

Nilipiga hesabu siku nzima. Beseni moja la mahindi linatoa pumba kiasi fulani, na hilo nililipima mwenyewe pale pale kwa mizani, mara kumi. Pumba alizonunua Mama Kapinga zilizidi sana mahindi yaliyoandikwa kwenye kitabu. Si wiki zote. Wiki nyingine zililingana kabisa, halafu wiki mbili zinazidi, halafu zinalingana tena. Kwangu maana yake ilikuwa wazi kama mchana. Mwepu alikuwa anasaga mahindi bila risiti, anaweka fedha mfukoni, halafu anakuja kulia mahakamani kwamba hana. Na alikuwa na akili ya kutofanya hivyo kila wiki.

Nitasema kweli: nilifurahi. Ile furaha inakuja kifuani, mtu unahisi umekuwa kijana. Sikufikiria watu wanne waliofanya kazi kwa Mwepu, wala yeye mwenyewe. Nilifikiria Muzee Lumbwe, marehemu, jinsi angenipiga begani.

Nikaenda kumwuliza Mwepu, maana sheria inataka mdaiwa asikilizwe. Nikaweka kadaftari ka Mama Kapinga mezani, kando ya kitabu chake.

"Hii pumba yote inatoka wapi?"

Alizifuata namba kwa kidole mpaka chini ya ukurasa. Nikaona ameelewa. Niliona pia kwamba hatajibu, na mtu asiyejibu nilikuwa nimeshamhukumu zamani.

"Andika gisi unaona, papa," akasema mwishowe.

Nikaandika gisi nilivyoona. Ripoti ya kurasa tano. Mdaiwa ameficha mapato. Mapatano yakataliwe. Mali iuzwe. Mahakama ifikirie faillite personnelle. Nilitia sahihi siku ya Alhamisi, na kesi ilikuwa Jumatatu. Kilichobaki ni kusoma mita ya umeme ya mashini na kuibandika namba yake nyuma ya ripoti, kwa sababu napenda kazi iliyokamilika. Ijumaa asubuhi nikarudi Katuba, ripoti iko kwenye mkoba.

Mstari wa mabeseni ulikuwa mrefu. Nilikuwa nimesimama kando ya mita, miwani usoni, nikaona wamama watano wanakuja na magunia mawili ya mahindi kwenye pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma, vitenge vimefungwa kiunoni, vichwa vimefunikwa. Watu kwenye mstari wakasogea bila kuambiwa. Magunia yakaenda moja kwa moja kwenye mkobozi. Mfanyakazi wa mashini akasaga. Unga ukatoka, ukafungwa. Hakuna fedha iliyotoka, hakuna risiti iliyokatwa. Pumba zikabaki.

Niliruka kutoka kwenye mita kama askari.

"Mama! Huu unga, risiti yake iko wapi?"

Yule aliyetangulia akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Papa, uko na akili? Maiti iko mu nyumba, bantu beko na njaa, weye unauliza risiti?"

"Mulilipa ao hamukulipa?"

"Tangu lini bafiwa balipaka kusaga kwa Papa Mwepu?"

Mstari mzima ulikuwa unaniangalia. Kuna mama mmoja aliyetua beseni lake chini ili aniangalie vizuri. Na mimi, badala ya kuomba radhi, nikawauliza kilio kiko nyumba gani. Nilitaka kujua kama kuna maiti kweli. Ndiyo, nilifika huko. Niliwafuata wale wamama nyuma ya pousse-pousse, barabara mbili, mkoba kwapani.

Maiti ilikuwepo. Turubai limefungwa, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki, na mlangoni meza ndogo yenye daftari la kilio, ambamo huandikwa kila mtu aliyeleta kitu. Nikatoa mchango wangu ili nipate kusogea karibu na lile daftari. Mwandishi akauliza jina langu, akaliandika, nami nikasoma lililokuwa juu yake. Liliandikwa kwa mkono mzuri: Papa Mwepu, kusaga.

Si fedha. Si mchele. Kusaga.

Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka wakaniletea bukari. Ule unga niliotaka risiti yake, nikaula. Aliyekuwa kando yangu, mzee wa jumuiya ya parokia, alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni. Mtaa ule, mtu akifa, mahindi ya kilio yanasagwa kwa Mwepu, bure, tangu wakati wa baba yake. Mashini inabaki na pumba tu. Na hakuna anayeandika katika kitabu cha mashini, kwa sababu kazi ya maiti haiandikwi na aliyeitoa. Anaandika aliyeipokea.

Kama mngekuwa mnanijua wakati ule, mngedhani niliamini pale pale. Sikuamini. Nilijiambia mtu mjanja anaweza kuficha mahindi ya kuuza nyuma ya mahindi ya vilio. Jumamosi na Jumapili nikazunguka Katuba pamoja na yule mzee wa jumuiya, nyumba kwa nyumba, kuomba kuona madaftari ya vilio vya mwaka ule. Ni kazi mbaya. Unagonga mlango wa mjane, unamwambia lete kile kitabu ulichofungia kabatini, nataka kuangalia wino. Niliangalia wino. Niliangalia kama ukurasa umebandikwa. Kwenye kila daftari lilikuwepo, mara juu, mara katikati: Papa Mwepu, kusaga. Nikaziweka tarehe za vilio kando ya kadaftari ka Mama Kapinga. Wiki zenye kilio ndizo wiki ambazo pumba zilizidi. Wiki ambazo hakufa mtu, kitabu cha Mwepu na pumba zake vililingana bila tofauti.

Jumapili hiyo hiyo, baada ya misa, nilimkuta Mwepu mbele ya kanisa. Nilikuwa na hasira naye, ajabu, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningesema nini, papa? Ningehesabu maiti ya bantu mbele ya juge, juu banihurumie?"

Nilirudi nyumbani nikachana ripoti, nikaandika nyingine.

Jumatatu niliweka madaftari yote, niliyoazimwa na wafiwa, mezani kwa jaji. Alikuwa mwanamke mwangalifu, aliyafungua taratibu, akisoma majina. Mjumbe wa ofisi ya kodi alisimama. Nilitegemea atapiga kelele, lakini alisema kwa utulivu, na jambo lake lilikuwa na miguu.

"Madame le juge, bure haiko bure. Huyu papa alitoa kazi yake, umeme yake na mashini yake, na huku anadaiwa na État. Njo kusema alitoa bintu bya État."

Na sheria ilikuwa upande wake kidogo. Kuna muda ambao sheria inauita kipindi cha mashaka, tangu siku mtu aliposhindwa kulipa mpaka siku ya hukumu. Zawadi yoyote aliyotoa ndani ya muda huo inaweza kufutwa. Jina la muda huo nililipenda maisha yangu yote. Siku ile, kwa mara ya kwanza, sikulipenda. Ungefutaje unga ulioliwa na watu waliokuwa wanalia?

Jaji akamwuliza Mwepu kama ana neno.

"Kama ni kosa, iko yangu," akasema. "Lakini mashini munaniachia, juu njo nitalipa nayo."

Jaji alinigeukia mimi. Akauliza kama, kwa kazi yangu na kiapo changu, mtu huyu alificha kitu. Nikasema hapana, hakuficha. Nikasikia sauti yangu inasema hivyo, na sikumbuki kama niliwahi kuitumia sentensi ile kabla ya siku hiyo.

Mapatano yakapita. Ofisi ya kodi ikaacha adhabu za kuchelewa, kodi yenyewe ilipwe kidogo kidogo kila mwezi. Mashini ikabaki. Watu wanne wakabaki na kazi. Jaji akaniagiza niandike masharti ya usimamizi, na niwe natembelea pale kila wiki mpaka deni liishe.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, nyinyi mtakaoandika masharti siku moja. Nilikaa mezani, nikaogopa. Niliogopa mjumbe wa kodi atarudi baada ya miezi mitatu na swali lile lile la pumba, nami nitakuwa sina daftari la kumwonyesha. Nikaandika sharti la nne: kila beseni na kila gunia linalopita kwenye mashini lilipiwe na likatiwe risiti yenye namba, bila kubagua, mpaka mwisho wa mapatano. Ningeweza kuongeza mstari mmoja kwamba mahindi ya kilio yasagwe kwa ruhusa ya jaji, na nakala ya daftari iletwe kwangu. Jaji yule angetia sahihi. Mstari mmoja tu. Haukunijia. Nilikuwa nafikiria jinsi mtu anavyoweza kuutumia mstari ule kunidanganya.

Mwepu alisoma sharti la nne mara mbili, akatia sahihi.

Mtaa ulielewa haraka. Miezi iliyofuata, kilichobadilika ni kwamba wenye vilio walipeleka mahindi yao mashini nyingine, mbali, kwa aibu ya kumlipa Mwepu na kwa aibu yake ya kupokea. Pumba na kitabu vililingana kila wiki. Mama Kapinga alilalamika kwamba pumba zimepungua na nguruwe wamekonda, na kwamba mimi ndiye niliyewakondesha. Ripoti zangu kwa jaji zilikuwa fupi na nzuri. Nilizionea fahari.

Halafu mama yake Mwepu akafa. Alikuwa mwanamke mzee sana, mjane wa yule mtu wa reli.

Nilifika siku yangu ya kawaida ya kukagua, nikijua msiba, na nilifikiri nitakuta mashini imefungwa. Ilikuwa wazi. Mwepu alikuwa amesimama kwenye mstari. Kwenye mstari wa watu, na gunia la mahindi miguuni, ndevu hazijanyolewa, nyuma ya msichana mwenye beseni. Watu walikuwa wamemsihi apite mbele, akakataa. Zamu yake ilipofika, akatoa fedha za mchango wa ndugu, akampa mfanyakazi wake mwenyewe. Kijana yule alilia akikata risiti. Mahindi yakasagwa.

Nikamsogelea, nikampa pole. Alinishika mkono kwa mikono miwili, kama anavyofanya mtu aliyelelewa vizuri. Kisha akaninyooshea ile karatasi.

"Hii njo ya mama," akasema. "Utaweka mu dosiye ya kesi yangu."

Nilipaswa kuirudisha. Nilipaswa kumwambia aende nayo nyumbani, au aichane, au chochote. Najua hilo sasa na nilijua hata wakati ule. Nilikuwa na uchungu kwelikweli. Lakini macho yangu, macho haya ya kazi, yalikuwa yameshashuka kwenye kona ya juu ya karatasi kutafuta namba, halafu yakaenda kwenye kitabu cha risiti kilichokuwa wazi juu ya meza, kuona ile iliyotangulia.

Mwepu aliyaona yanavyokwenda.

"Zinafuatana, papa," akasema polepole. "Nilisha kuangalia."